Sindano ya amoksisilini na klavulaneti: mwongozo kamili, kuanzia kichupa hadi kidonge

Ndani ya kichupa kimoja cha sindano hii mna dawa mbili, na moja kati yake haina subira. Ukilishika hilo mapema, masharti karibu yote utakayokutana nayo mbele (usichanganye na glukosi, usiiache mezani, usichome takoni, usihifadhi nusu iliyobaki) utaona yana sababu, wala hayatakuwa amri za kukariri.

Ninawaandikia watu wawili. Wa kwanza ni muuguzi au tabibu mgeni wa zamu, anayeshika kichupa usiku huku wodi imejaa. Wa pili ni ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa dirishani, "Dawa zimeisha, kanunueni nje." Kama wewe ni huyo wa pili na hujasomea kuchoma sindano ya mshipa, sehemu za kuchanganya na kuchoma zisome ili ujue kinachofanyika mbele yako na uweze kuuliza. Nyumbani usijaribu.

Dawa mbili, kazi mbili

Amoksisilini ni ya ukoo wa penisilini. Huua bakteria kwa kuwavurugia ujenzi wa ukuta unaowazunguka. Bakteria nao hawakukaa kimya. Wengi hutengeneza kimeng'enya kiitwacho beta-laktamesi, ambacho hukata pete ya kemikali inayoipa penisilini nguvu yake. Abraham na Chain walikieleza kimeng'enya cha aina hii huko Oxford mwaka 1940, kabla penisilini yenyewe haijaanza kutumika kwa wingi hospitalini. Kwa hiyo usugu si jambo lililozuka jana.

Klavulaneti hutokana na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces clavuligerus. Watafiti wa kampuni ya Beecham ya Uingereza waliigundua miaka ya 1970, na mwaka 1981 ikaingia sokoni pamoja na amoksisilini kwa jina la Augmentin. Siku hizi kampuni nyingi huitengeneza kwa majina yao. Kwenye kasha tafuta maneno "Amoxicillin" na "Clavulanic acid" au "Clavulanate", au lile jina la pamoja "Co-amoxiclav". Klavulaneti peke yake haina nguvu kubwa ya kuua bakteria. Kazi yake ni kujitoa mhanga: kimeng'enya kinaidaka, kinanasa nayo, na amoksisilini inapita.

Si kila kichupa chenye dawa mbili kimepangwa hivyo. Mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, ambao wengi wetu tumekua tukiuita ampiklox, uko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya michanganyiko ya antibiotiki isiyopendekezwa. Amoksisilini na klavulaneti, kinyume chake, imo katika kundi la kwanza la shirika hilo, yaani zile antibiotiki zinazotakiwa zipatikane kwa urahisi na zifikiriwe mapema. Seftriaksoni, ambayo siku hizi inachomwa kama maji ya kunywa, iko kundi la pili, la kuangaliwa kwa jicho kali zaidi.

Sasa ile haraka. Unga ukiwa mkavu hutulia kichupani kwa miezi mingi. Ukishakutana na maji, dawa zote mbili huanza kuharibika, na klavulaneti ndiyo dhaifu zaidi. Ikifa kabla ya kuingia mwilini, unachochoma ni amoksisilini tupu, ambayo bakteria mwenye kimeng'enya anaitafuna. Kwa macho hutaona tofauti yoyote kwenye bomba, ila kesho yake mgonjwa bado ana homa na mtu ataandika kwenye faili kwamba dawa imeshindwa.

Inatibu nini, na nini haihusiki nacho

Kwa njia ya mshipa hutumika kwa maambukizi mazito ya bakteria pale mgonjwa anapotapika, hawezi kumeza, au hali yake haingoji kidonge: nimonia kali, maambukizi ya ngozi yanayosambaa, jipu la jino lililoshuka shingoni, maambukizi ya tumbo au ya mji wa mimba baada ya kujifungua, maambukizi ya figo, na majeraha ya kung'atwa na mnyama au binadamu. Baadhi ya upasuaji hutanguliwa na dozi moja mgonjwa anapolazwa usingizi, ili dawa iwe tayari kwenye damu kisu kinapogusa ngozi.

Kwa aliyeng'atwa na mbwa kuna neno la ziada. Antibiotiki yoyote haizuii kichaa cha mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo ya kichaa cha mbwa ianze siku hiyohiyo.

Haitibu malaria, mafua, wala virusi vya aina yoyote. Haiwafikii bakteria wa Pseudomonas, wala stafilokokasi waliokwisha kuwa sugu kwa ukoo mzima wa penisilini. Na mtu aliyepimwa kwa kipimo kimoja cha haraka akatoka na karatasi ya "taifodi na UTI", huku anatembea, anakula na hana homa, hahitaji sindano hii. Anahitaji mtu wa kumsikiliza upya. Pale inapowezekana, damu, mkojo au usaha upelekwe kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza, lakini mgonjwa mahututi asicheleweshwe kwa sababu ya chupa ya sampuli.

Maswali ambayo hayaruki

Uliza kwa sauti, hata kama faili limejaa.

"Umewahi kutumia penisilini, amoksilini au ampiklox ukapata shida?" Akisema ndiyo, usiishie kuandika "aleji". Uliza ilikuwaje. Kuharisha ni madhara ya kawaida, si mzio. Vipele vya utotoni ambavyo mama yake ndiye anavikumbuka ni habari nyingine, ya kumweleza daktari aamue. Lakini midomo iliyovimba, pumzi iliyokata, kuzirai, mwili mzima kuota vilengelenge au ngozi kubabuka ni mlango uliofungwa: dawa hii asipewe. Aliyewahi kupata mzio mkali wa sefalosporini, ukoo wa kina seftriaksoni, naye asichomwe kabla daktari hajaambiwa.

"Umewahi kuwa na macho ya njano baada ya kutumia dawa hii?" Swali hili husahaulika mno. Mchanganyiko huu unaweza kuziba mtiririko wa nyongo kwenye ini, na mtu aliyewahi kupata manjano kwa sababu yake asirudishiwe tena.

"Unatumia dawa gani nyingine?" Hapa sikiliza hasa wafarini, kwa kuwa damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi na kipimo chake kinahitaji kurudiwa. Methotreksati, dawa ya saratani na ya baridi yabisi, hukawia kutoka mwilini, na alopurinoli, ile ya gauti, huongeza uwezekano wa upele.

"Una mimba?" Mjamzito anaweza kupewa daktari akiona inafaa. Ila mwanamke ambaye chupa imepasuka kabla ya mimba kukomaa asipewe mchanganyiko huu kama kinga. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2001 liliuhusisha na ugonjwa hatari wa utumbo kwa watoto wachanga, na zipo dawa nyingine kwa hali hiyo.

La mwisho ni figo: anakojoa kiasi gani, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha kazi ya figo, ni ngapi. Tutalirudia kwenye kipimo.

Bado kuna wanaochoma kidogo chini ya ngozi "kutesti", wakiona pametulia wanaendelea na kuondoka. Ngozi kutulia si hati ya usalama. Maswali hapo juu na mtu anayebaki kumwangalia mgonjwa vina thamani zaidi.

Ukitumwa kununua nje

Nenda famasi iliyosajiliwa, ukiwa na cheti chenye jina la dawa, uzito wa kichupa na idadi. Vichupa vya kawaida ni viwili: cha gramu 1.2, chenye miligramu 1,000 za amoksisilini na 200 za klavulaneti, na cha miligramu 600, chenye 500 na 100. Usikubali "ni ileile" ukapewa seftriaksoni au ampiklox. Kama hakuna, piga simu wodini kwanza.

Kagua mwenyewe kaunta. Tarehe ya kuisha muda iwe kwenye kasha na kwenye kichupa, zilingane. Kifuniko kisiwe kimelegea. Tikisa: unga uwe mweupe au mweupe uliofifia, ukimbie huru. Ukiona umeshikana mabonge, una unyevu au umegeuka njano, rudisha. Makasha mengi huagiza dawa ikae pakavu, isizidi nyuzi 25, sharti gumu kwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Kwa hiyo usiiache kwenye dashibodi ya gari wala kwenye mfuko mweusi juani ukisubiri muda wa kuona wagonjwa. Friji si lazima kwa unga.

Ukiwa hapohapo nunua pia maji ya sindano (kila kichupa cha gramu 1.2 kinataka ml 20), bomba la ml 20, na ukipata, chupa ya seline (maji ya chumvi ya dripu) ya ml 100. Nimeona ndugu wakirudi famasi mara tatu kwa siku moja kwa sababu aliyeandika cheti aliwaza dawa tu. Dai risiti, na uhifadhi kasha.

Kipimo

Mtu mzima, au mtoto mwenye kilo 40 na zaidi: gramu 1.2 kila baada ya saa 8.

Mtoto wa miezi mitatu na kuendelea, chini ya kilo 40: miligramu 30 kwa kila kilo, kila saa 8. Hesabu hiyo ni ya dawa zote mbili kwa pamoja, yaani 25 za amoksisilini na 5 za klavulaneti. Chini ya miezi mitatu, au chini ya kilo 4, kiasi ni hichohicho lakini kila saa 12, kwa dripu ya polepole tu. Mtoto apimwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho.

Mfano: mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 360. Unga nao huchukua nafasi kidogo, kwa hiyo kwa kichupa cha 600 ongeza maji ya sindano kama ml 9.5 ili jumla iwe ml 10. Kila ml sasa ina miligramu 60. Vuta ml 6. Hesabu ikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kuvuta, kwa sababu kosa la nukta moja kwa mtoto ni kosa la mara kumi.

Kwa mtu mzima ambaye figo zimedhoofu, dozi ya kwanza hubaki gramu 1.2. Kinachobadilika ni zinazofuata: uwezo wa figo kuchuja ukiwa kati ya ml 10 na 30 kwa dakika, miligramu 600 kila saa 12; ukiwa chini ya 10, miligramu 600 kila saa 24. Hesabu ya mtoto mwenye figo mbovu aifanye daktari.

Sasa lile "kila saa 8", ambalo wodi nyingi hulisoma "mara tatu kwa siku". Dawa zote mbili hupungua nusu kwenye damu kwa muda wa karibu saa moja tu, na ukoo wa penisilini hutegemea muda ambao dawa inakaa juu ya kiwango cha kuua bakteria. Ukichoma saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, umewaachia bakteria pengo la saa 12 usiku kucha. Panga saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ndugu anayelala na mgonjwa aandike saa hizo kwenye karatasi. Zamu zinabadilika, na akiuliza kwa heshima, "Sista, ile ya saa 4 bado?" hakuna atakayemchukia.

Kuchanganya

Nawa mikono, vaa glavu, weka kila kitu kwenye trei safi. Soma jina la dawa kwenye kichupa na jina la mgonjwa kwenye faili, kisha mwombe mgonjwa ajitaje mwenyewe. Ukimuuliza "Wewe ni Asha?" mgonjwa mwenye homa hukubali lolote.

Ng'oa kifuniko cha juu, pangusa mpira kwa spiriti, uache ukauke. Vuta maji ya sindano: ml 20 kwa kichupa cha gramu 1.2, ml 10 kwa cha miligramu 600 kama dozi ni kichupa kizima. Ingiza, tikisa hadi unga uyeyuke wote. Rangi ya waridi inaweza kupita kidogo wakati wa kuyeyuka. Isikutishe, inaondoka. Mwisho maji yawe maangavu yasiyo na rangi, au manjano hafifu kama majani makavu. Yenye ukungu au chembe, tupa.

Kuanzia hapo saa inakimbia. Dawa iliyoyeyushwa iingie kwenye mshipa au kwenye chupa ya seline ndani ya dakika 20.

Sindano hizi nilizianza kwa uvivu uliojificha kama bidii. Zamu ya usiku, wagonjwa wanne wa dawa hiyohiyo. Nikayeyusha vichupa vinne kwa mpigo, nikavipanga kwenye trei na majina yake, nikajiona mwepesi. Muuguzi mkuu wa zamu, mama wa makamo ambaye hakuwahi kupandisha sauti, aliangalia trei akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa kitanda cha kumi na nne utamfikia saa ngapi?" Nilipiga hesabu kichwani: kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ya kitanda cha tatu ilikuwa imeziba, cha tisa mshipa hauonekani. Ilikuwa saa nzima, kama si zaidi. Akamwaga vitatu mwenyewe. Tangu siku hiyo nafungua kichupa nikiwa kando ya kitanda, kanula ikiwa imeshajaribiwa kwa seline na inapita.

Kwa sababu hiyohiyo ya uharaka, usitumie maji ya glukosi kuchanganyia. Dekstrozi (ndiyo hiyo glukosi), dekstrani na baikaboneti huifanya iharibike upesi zaidi. Usiichanganye na damu, wala na lishe ya mafuta ya mshipani. Na usiivute katika bomba moja na jentamaisini, antibiotiki nyingine, ndoa ambayo wodini huonekana ya kawaida kwa kuwa dawa hizo mbili huandikwa pamoja mara nyingi. Zikikutana bombani au kwenye mpira mmoja, jentamaisini hupoteza nguvu. Choma moja, safisha kanula kwa seline, ndipo uchome nyingine.

Nusu kichupa iliyobaki baada ya dozi ya mtoto haiwekwi friji kusubiri saa 8 mchana. Inauma, najua, hasa kama mama yake ameuza kuku kukinunua. Inamwagwa.

Kuchoma

Sindano hii ni ya mshipa tu. Haichomwi kwenye msuli. Atakayekuambia "nichome tu takoni niwahi kazini" mweleze kwamba haikutengenezwa kwa njia hiyo.

Njia ya kwanza ni kusukuma kwa bomba moja kwa moja kwenye kanula, polepole, kwa dakika 3 hadi 4. Tazama saa. Dakika tatu ni ndefu kuliko mkono unavyodhani. Ml 20 kwa dakika nne ni ml 5 kwa dakika. Njia hii ni kwa wenye miezi mitatu na zaidi.

Njia ya pili ni dripu ya dakika 30 hadi 40. Dawa iliyoyeyushwa kwa ml 20 itie kwenye chupa ya seline ya ml 100. Jumla ni kama ml 120. Kwa seti inayotoa matone 20 kwa ml, matone 60 kwa dakika huimaliza kwa dakika 40: tone moja kila sekunde, hesabu ambayo hata shangazi aliyekaa kando ya kitanda anaweza kuisimamia. Andika kwenye chupa jina la mgonjwa, dawa, na saa uliyoichanganya. Ukikosa ya ml 100, usiitumbukize kwenye chupa ya ml 500 itakayotiririka mpaka magharibi. Rudi kwenye bomba.

Kanula isafishwe kwa seline kabla na baada. Mgonjwa akilalamika panaunguza, au ukiona panavimba, simama uangalie. Mkono mwekundu wenye kamba ngumu juu ya mshipa unataka kanula itolewe na kuhamishiwa kwingine, siyo kusukuma kwa nguvu.

Sindano iliyotumika usiirudishie kofia yake. Iende moja kwa moja kwenye sanduku la usalama, na sanduku likijaa robo tatu lifungwe.

Dakika za kwanza

Dozi ya kwanza usiichome ukakimbia. Baki karibu, kisha endelea kumpitia mgonjwa kwa nusu saa. Trei ya dharura iwe imeshakaguliwa kabla, siyo ikitafutwa ufunguo wa kabati mtu anazirai.

Mzio mkali huja kwa sura nyingi: kuwashwa viganja na kichwa, mabaka yaliyoinuka, midomo na ulimi kuvimba, sauti kukauka, filimbi kifuani, kutapika ghafla, jasho la baridi, au mgonjwa kusema "najisikia vibaya" na macho yanapotea. Ngozi inaweza isioneshe kitu kabisa.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Simamisha dawa, kanula ibaki. Ita msaada kwa sauti. Choma adrenalini ya miligramu 1 kwa ml kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati: mtu mzima na mtoto aliyevuka miaka 12 ml 0.5, wa miaka 6 hadi 12 ml 0.3, chini ya miaka 6 ml 0.15. Mlaze chali, miguu juu. Anayehangaika kupumua aketi na miguu ikiwa imenyooshwa, mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa kwenda choo. Oksijeni, maji ya mshipa kwa kasi, na adrenalini irudiwe baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu.

Haidrokotisoni na piritoni, zile dawa nyingine za mzio, si za kwanza. Zimezoeleka kutangulizwa kwa sababu adrenalini inaogopwa, na katika uoga huo dakika za kuokoa mtu hupita. Akizinduka abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa mzio unaweza kurudi. Kisha jaza fomu ya madhara ya dawa: kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako, Tanzania inakwenda TMDA, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board, Uganda ni NDA.

Siku zinazofuata

Kuharisha kidogo na kichefuchefu ni vya kawaida. Kuharisha majimaji mara nyingi kwa siku, kulikochanganyika na damu au kunakoambatana na maumivu makali ya tumbo, ni jambo la kumweleza daktari siku hiyohiyo, wala usinunue dawa ya kufunga tumbo. Utando mweupe mdomoni au kuwashwa ukeni ni fangasi waliopata nafasi baada ya bakteria wema kufa. Kijana mwenye koo lililovimba na tezi shingoni akitoka upele mwekundu mwili mzima, huenda alikuwa na homa ya tezi ya virusi, ambayo huchokozwa na amoksisilini. Dawa isimame hadi aonwe. Mgonjwa apate maji ya kutosha, na mwenye mpira wa mkojo uangaliwe usizibe, kwani kwa dozi kubwa amoksisilini inaweza kuganda fuwele kwenye mkojo.

Kati ya saa 48 na 72 mtu akae na faili. Homa imeshuka? Majibu ya kuotesha yamesemaje? Kuna usaha unaohitaji kisu? Jipu lililofunga halimalizwi na sindano hata ukichoma mwezi mzima. Mgonjwa aliyekaa saa 24 bila homa, anakula, hatapiki, mapigo na pumzi vimetulia, kwa maambukizi mengi anaweza kuhamia kidonge. Mifupa, moyo na uti wa mgongo vina taratibu zake ndefu. Sindano haiongezi heshima ya matibabu. Inaongeza kanula, gharama na siku za kulala.

Kutoka kichupa kwenda kidonge

Hapa wengi hujikwaa kwenye hesabu. Kidonge cha 625 kina amoksisilini 500 na klavulaneti 125. Cha 375 kina 250 na 125 ileile. Cha gramu 1 kina 875, na klavulaneti bado 125. Mlinzi habadiliki, anayebadilika ni mwenzake. Kwa hiyo famasi ikikosa cha 625, vidonge viwili vya 375 si mbadala: umepata amoksisilini 500 sawa, lakini klavulaneti imekuwa 250, na yeye ndiye mwenye mchango mkubwa katika kuharisha na katika manjano. Mtu mzima kwa kawaida huandikiwa cha 625 kila saa 8, anakimeza anapoanza kula, siyo njaa tupu. Siku hesabu kwa kuunganisha za sindano na za kidonge. Matibabu yasipitishe siku 14 bila daktari kuyapitia upya.

Kwa wanaume na wazee hasa, manjano yanaweza kuchelewa. Dawa imeisha, mtu amesharudi shamba, wiki tatu au hata sita baadaye macho yanabadilika, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, mwili unawasha. Mganga wa huko hatajua ulichomwa nini asipoambiwa. Ndiyo maana yale makasha niliyosema uhifadhi yana kazi, na kwenye daftari la kliniki paandikwe kwa kalamu isiyofutika: "Amoksisilini na klavulaneti, gramu 1.2 mshipani kila saa 8, kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Kisha kidonge 625, siku kadhaa. Mzio: hakuna." Au kama ulikuwepo: ulikuwaje, dakika ngapi baada ya sindano, na alipewa nini akazinduka.